Nimeirudia Bahari kwa Kifua na Viganja

Katika chuo tulichosomea sisi, Mji wa Kale wa Mombasa, palikuwa na makosa mawili yaliyomkasirisha maalim kuliko kukosea aya. La kwanza ni kutoroka kwenda kuoga pwani. La pili ni kulala kifudifudi. "Inuka wewe!" angesema, na bakora ishatua mgongoni. "Kulala hivyo kumekatazwa."

Basi wasomaji wangu watanisamehe nikikiri kwamba likizo ya Disemba iliyopita, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwenye ndevu za mvi, niliyafanya makosa yote mawili kwa pamoja. Kwa muda wa siku saba nilikuwa nikilala kifudifudi mchana kweupe mbele ya macho ya watu wa Diani, na mke wangu akicheka hata leso ikamwanguka. Lakini sikulala usingizi. Nililala juu ya ubao, na ubao ulikuwa juu ya maji.

Tulikuwa tumepanga nyumba ndogo si mbali na msikiti wa kale wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Anayepajua mahali hapo anaijua mibuyu yake na ule ukimya wa alfajiri. Nia yangu ilikuwa kupumzika na kumaliza utenzi uliokwama kwa mwaka mzima. Utenzi wenyewe, kwa bahati, ulihusu bahari.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kazi yake ni kuwatembeza wageni baharini. Siku ya pili alikuja na ubao mrefu wa faiba wa futi 12, mwembamba, uliochongoka mbele kama ngalawa isiyo na matengo. Mgeni mmoja alikuwa amemwachia.

"Kasia liko wapi?" nikamuuliza.

"Kasia ni mikono yako, mjomba," akanijibu. "Unalala kifudifudi, unavuta maji kwa viganja."

Siku hizi watu wengi wamewaona wageni wakisimama juu ya mbao na kasia refu mkononi. Huu ni mchezo mwingine, nao ni mkongwe. Watu wa visiwa vya Hawaii, katika bahari ya Pasifiki, walikuwa wakivuta mbao kwa mikono na kupanda mawimbi kabla Mzungu hajafika kwao. Wamishonari walipoingia visiwani mwaka 1820 na baadaye hawakuupenda mchezo huo, na katika karne hiyo ya 19 ukadidimia sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenyeji waliuinua tena. Mashuhuri kati yao ni Duke Kahanamoku, aliyepata nishani ya dhahabu ya kuogelea katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912.

Huyu bwana ana kisa ambacho mpwa wangu hakukijua, nami nilifurahi kumsimulia. Mwezi Juni mwaka 1925, katika ufuo wa Corona del Mar huko California, mawimbi yaliipindua mashua ya wavuvi. Kahanamoku aliyekuwa ufuoni alichukua ubao wake akautia majini, akalala juu yake, akavuta kwa mikono. Alikwenda akarudi, akaenda tena, mpaka akawatoa watu wanane wakiwa hai. Baada ya hapo walinzi wa fuo walizidi kuzithamini mbao kuwa chombo cha uokozi.

Katika miaka hiyo hiyo Mmarekani aitwaye Tom Blake alizichunguza mbao za kale zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Honolulu. Aliziona nzito mno, akaunda zake zenye uwazi ndani ili ziwe nyepesi. Mwaka 1932 yeye na wenzake wawili wakavuka kwa mikono mlangobahari ulio kati ya kisiwa cha Catalina na bara ya California. Mwaka 1955 yalianza mashindano katika maji hayo, mwendo wa maili 32, na tangu mwaka 1997 yako mengine ya maili 32 huko Hawaii, kutoka kisiwa cha Molokai hadi Oahu. Maili 32 kwa viganja! Mimi siku ya kwanza sikufika hata hatua thelathini na mbili.

Ukiuona kwa macho utadhani ni jambo la kitoto. Nilijitupa juu ya ubao, ukanitupa upande wa pili. Nilijivuta mbele, pua ya ubao ikazama. Nilirudi nyuma, pua ikainuka kama mbwa anayenusa, na kila nilipovuta haukwenda. Mpwa wangu alikuwa amesimama, maji ya kiuno, adabu ikimzuia kucheka.

"Tafuta pahali pako, mjomba. Pua ibusu maji tu, isinywe."

Naam, siri ya kwanza ndiyo hiyo, kulala mahali pa mizani. Sisi watunzi tunaijua mizani, kwamba ikizidi moja ubeti umevunjika. Siri ya pili ni kuangalia mbele, si chini, na kuinua kifua kidogo tu ili shingo isiumie. Ya tatu ni mkono. Kiganja kiwe kimekunjika kidogo kama mtu achotaye maji ya kutilia udhu, kiingie mbali mbele bila kishindo, kivutwe chini kando ya ubao hadi pajani, kisha mkono wa pili ufuate. Ukichoka waweza kupiga magoti na kuvuta kwa mikono yote miwili pamoja, lakini hiyo yataka mtu aliyekwisha kuzoeana na ubao wake. Mimi nilipojaribu, magoti yalikwenda Tiwi na kichwa kikabaki Diani.

Kwa upande wa mavazi, aurat ya mwanamume haina budi kustiriwa, na kaptura pana ya kuvuka magoti yatosha. Ongeza fulana ya mikono mirefu, maana ubao huchubua kifua na jua huchoma mgongo.

Siku ya tatu nikaweza. Tulishuka baada ya sala ya alfajiri, upepo wa kaskazi haujainuka, maji yamejaa na yametulia ndani ya mwamba kama mafuta kwenye sinia. Nilivuta, nikavuta tena, na ubao ukaanza kuteleza wenyewe kati ya mvuto na mvuto. Uso wangu ulikuwa shubiri mbili tu kutoka majini. Chini niliona majani ya bahari yakiinama yote upande mmoja, viti vya pweza vyekundu juu ya mchanga, na kundi la tasi likigeuka kwa pamoja kama watu wa safu moja wakitoa salamu. Aliyesimama juu ya ubao haoni hivyo, wala aliye ndani ya mashua. Mtu apate kuyaona hayo ni lazima ajilaze.

Mzee mmoja mvuvi alipita na mtumbwi wake, akapunguza kasia.

"Asalaam alaikum, shekhe. Chombo chako kimevunjika, ama ndicho chombo chenyewe?"

"Waalaikum salaam. Ndicho chenyewe, mzee wangu."

Alinitazama nikivuta mara tano sita. "Basi usiyapige maji. Maji hayapigwi, huvutwa." Akaenda zake. Sijapata mafunzo mafupi kuliko hayo, wala bora kuliko hayo.

Sasa nitaeleza jambo ambalo sikumweleza mpwa wangu. Ubao huo haukuwa wangu wa kwanza. Nilipokuwa na miaka tisa tulikuwa na kipande cha ubao kilichong'oka kwenye dau bovu, nasi wanachuo watatu tukikilalia kwa zamu karibu na Bandari ya Kale, tukivuta kwa mikono hivi hivi. Hakuna aliyetufundisha wala aliyetutajia Hawaii. Kisha siku moja wakati wa bamvua, mmoja wetu alikwenda peke yake bila ubao, na maji yanayotoka yakamchukua. Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Alikuwa jirani yangu mkekani, akinisaidia katika tajwidi. Jioni ile mama yangu, Mungu amrehemu, alikichukua kile kipande cha ubao akakipasua, akakitia jikoni. Akaniapisha nisiingie tena maji ya kupita magoti.

Nilikitimiza kiapo hicho zaidi ya miaka arubaini. Katika muda huo nimetunga mashairi ya bahari nisiyoweza kuyahesabu. Nimeisifu, nimeilaumu, nimeilinganisha na mapenzi na dunia na mauti. Wasomaji wameniandikia barua kunipongeza. Hakuna aliyejua kuwa mtunzi mwenyewe ni mkavu, na kwamba kuogelea kwake kulikoma akiwa na miaka tisa.

Simlaumu mama, alifanya lililo katika uwezo wa mama. Ila nilipokuwa juu ya ubao ule niliwaza kwamba wengi wetu wa pwani tumelelewa na hofu hiyo hiyo. Tumezaliwa tukisikia mawimbi, na hatuwezi kuelea. Tumewaachia bahari wavuvi na wageni, sisi tukabaki na upepo wake barazani. Na maneno ambayo wengi huyanasibisha na Sayyidna Umar, ya kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao kuogelea, tunayataja kwenye hotuba, kisha watoto wanarudi nyumbani wakavu kama walivyokwenda.

Binti yangu wa mwisho ana miaka kumi na miwili. Siku zote hizo alikuwa amekaa kivulini na mamake, hijabu yake shingoni imelowa jasho, akihesabu mara ninazoanguka. Siku ya nne akaniuliza, "Baba, na mimi je?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema la. Nilimtazama mke wangu nikidhani atanisaidia. Akasema, "Kwani maji yanajua nani mume na nani mke? Siku yakimkuta, yatamsubiri ajifunze?"

Huko Nungwi, Unguja, katika miaka ya 2010, mabinti walifundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kufunika mwili mzima, wakifundishwa na wanawake wenzao, na dini yao ikabaki palepale. Basi nasi tukapanga. Kesho yake tulishuka alfajiri kabla watu hawajajaa ufuoni. Mpwa wangu, ambaye kisheria si maharimu wake, aliondoka kwa adabu akaenda kukaa upande wa mto. Binti alivaa suruali, kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, na kitambaa kilichobana nywele. Mamake aliingia na nguo zake hadi maji ya kifua, akashika mkia wa ubao. Mimi nilishika pua.

Alianguka mara mbili. Mimi nilianguka siku mbili. Mara ya tatu akatuambia, "Niacheni," nasi tukamwacha.

Msomaji utakayevutiwa usiende kichwa kichwa. Kwanza ujue kuelea bila ubao, kwa sababu ubao hukimbia. Funga kamba yake mguuni, usiende peke yako, na usivuke mlango wa mwamba. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yakitoka hutoka kwa nguvu. Jihadhari na upepo wa umande unaotoka bara asubuhi, kwani kwenda utauona rafiki na kurudi utakuwa adui. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, kaa barazani utunge shairi.

Tulirudi Mombasa Jumapili. Tulipokuwa katikati ya kivuko cha Likoni binti akaegemea chuma, akaangalia chini. "Baba, maji haya yana kina gani?" Sikumjibu mara moja. Nilikuwa nikikumbuka Aprili 29, 1994, kivuko cha Mtongwe kilipopinduka katika mkono huu huu wa bahari na watu 272 wakafa. Sidai kwamba kujua kuogelea kungaliwaokoa wote, ajali ni ajali na ajali ina siku yake. Lakini katika mji uliozikwa watu wengi kiasi hicho kwa siku moja, ilikuwa haki kila mtoto aliyezaliwa baadaye afundishwe kuelea. Binti huyu alizaliwa miaka mingi baadaye, na baba yake alikuwa hajamfundisha mpaka juzi.

"Ni kirefu," nikamwambia. "Lakini tutaendelea likizo ijayo."

Utenzi haukwisha. Niliuchana kurasa zake nyingi, maana niliona umeandikwa na mtu wa barazani. Uliosalia ni ubeti mmoja huu, ambao niliutunga juu ya ubao nikiuhesabu kwa mvuto wa mikono:

Njooni tushuke pwani, enyi wana wa bahari,
Tusikae barazani, kuitungia shairi,
Na mwari aliye ndani, afunzwe kwa usitiri,
Maji hayana utani, ajuaye ana kheri.