Pikapu ya mseto inayowasha taa nyumbani

BARIDI kali ilipolikumba jimbo la Texas, Marekani, mnamo Februari 2021 na mamilioni ya wakazi kukosa umeme, kampuni ya Ford iliwaomba wauzaji wa magari yake jimboni humo waazimishe wananchi pikapu za mseto aina ya F-150 ili ziwashe taa na hita majumbani.

Pikapu hiyo ina injini ya petroli ya lita 3.5, ikisaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 35. Betri yake haichomekwi ukutani. Hujazwa na injini yenyewe, pamoja na nguvu ambayo ingepotea bure dereva akanyagapo breki.

Hapo ndipo mafuta yanapookolewa. Kwa vipimo vya serikali ya Marekani, modeli ya 2021 inayosukumwa na magurudumu yote manne huenda takriban kilomita 10.2 kwa lita, mjini na katika barabara kuu vilevile. Ile isiyo ya mseto, yenye injini kama hiyo, huenda 7.7 mjini lakini hufikisha 9.8 katika barabara kuu. Basi msafiri wa masafa marefu, asiyekanyaga breki mara kwa mara, huambulia kidogo mno.

Huenda soketi za nyuma zikamfaa zaidi. Anayeongeza malipo hupata hadi kilowati 7.2, umeme wa kutosha friji, taa na vifaa vya fundi. Ila injini hujiwasha yenyewe betri ipungukiwapo, hata gari likiwa limetulia kimya. Sharti liegeshwe nje, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua ndani ya gereji iliyofungwa.