Tezi ya Pituitari na Tezi za Adrenali

Neno tezi katika Kiswahili lina maana zaidi ya moja. Kwa mabaharia ni sehemu ya nyuma ya chombo. Kwa matabibu ni kiungo cha mwilini kitengenezacho kemikali maalumu. Maana hii ya pili ndiyo ihusuyo maelezo haya.

Tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, imekaa chini ya ubongo katika kishimo cha mfupa wa fuvu. Tezi za adrenali ni mbili, moja juu ya kila figo. Pituitari, ikiamriwa na ubongo, hutoa homoni iitwayo ACTH, nayo husafiri katika damu hata ganda la adrenali, na huko huziamsha chembe zigeuze lehemu kuwa kortisoli. Kortisoli husaidia kulinda shinikizo la damu na sukari yake wakati wa njaa, maradhi na hofu. Ikitosha, hurudi kwa njia ya damu na kuzuia ACTH isizidi kutolewa. Kiini cha adrenali, kitoacho adrenalini, huamriwa zaidi na mishipa ya fahamu.

Mwaka 1855 Thomas Addison, tabibu wa London, alieleza ugonjwa wa adrenali zilizoharibika. Kifua kikuu, kingalipo Tanzania, ni mojawapo ya sababu zake. Hapo pituitari hutoa ACTH kwa wingi bila ya kuitikiwa, na ngozi huzidi weusi, hasa katika mistari ya viganja na katika ufizi. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, dalili hiyo yaweza kupita bila kutambulika.

Hatari ya pili hutokana na dawa za jamii ya kortisoli, mathalani prednisoloni. Mtu wa Dutumi, katika Wilaya ya Kibaha, akizimeza miezi mingi kwa ajili ya pumu, pituitari yake hunyamaza kana kwamba kortisoli imetosha, na adrenali husinyaa. Akiziacha ghafula, ama kwa kuona nafuu, ama kwa kuishiwa, mwili hukosa kinga yake. Homa au ajali ambayo mwingine angeistahimili yaweza kumwua. Kwa hiyo dawa hizo hupunguzwa kidogo kidogo kwa shauri la tabibu, mpaka tezi ziamke tena.

Wahenga walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwilini pia amri iendayo ina marejeo yake, na marejeo yakivurugwa, amri nayo huvurugika.