Andaa maji, usiandae maziwa: Amana ya mtoto anayelelewa kwa maziwa ya kopo

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiweka riziki ya mtoto mchanga kifuani mwa mama yake kabla mtoto huyo hajajua kuiomba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye naye alinyonyeshwa na mama asiyemzaa, Bibi Halima wa Banu Saad.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunaomba tuzungumze juu ya mtoto ambaye kwa kudra ya Mola wake hakulipata ziwa la mama. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ameeleza kwamba muda kamili wa kunyonyesha ni miaka miwili, kwa anayetaka kuutimiza. Wataalamu wa afya nao wanahimiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili na kuendelea. Hapo dini na tabibu wamekutana, na mama mwenye uwezo wa kunyonyesha asidanganywe na picha ya mtoto mnene iliyochorwa kwenye kopo.

Lakini aya hiyo hiyo haikuwasahau wenye udhuru. Imetaja mashauriano ya wazazi wawili, imetaja kumtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine, na imekataza mama au baba kutiwa taabuni kwa sababu ya mtoto wao. Kwa hiyo anayetumia maziwa ya kopo kwa dharura ya kweli hana lawama. Lililo juu yake ni kuyatengeneza kwa usalama, kwa maana mtoto ni amana.

Hali ilivyo vijijini

Tuitazame Mabamba, katika wilaya ya Kibondo mkoani Kigoma, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka nchi jirani, Mabamba ilikuwa miongoni mwa njia walizopita wakimbizi waliokuja kupokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na ile ya Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka huo. Katika misafara ya namna hiyo, na hata katika nyumba tulivu za wenyeji, hutokea mama akafariki katika uzazi na kichanga kikabaki mikononi mwa bibi au shangazi. Nyumba hiyo haina jokofu. Moto ni wa kuni, na msimu wa mvua kuni hulowa. Maji hutekwa mbali. Mtoto naye hajui lolote katika hayo. Anajua njaa tu.

Jambo la kwanza kwa bibi huyo ni kufika zahanati kabla ya kufika dukani. Huenda katika ukoo yumo mama anayenyonyesha ambaye yuko tayari kusaidia, baada ya kupimwa afya yake, virusi vya Ukimwi vikiwamo. Wakichagua njia hiyo wakumbuke kwamba ziwa hujenga undugu wa kisheria unaozuia ndoa, na kwa madhehebu ya Imamu Shafii kiwango chake ni manyonyesho matano kamili. Basi iandikwe na ijulikane. Maziwa ya kopo hayajengi undugu huo.

Tuongeze pia kwamba mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asikimbilie kopo kwa hofu. Mwongozo wa leo nchini Tanzania ni kwamba ameze dawa zake kila siku bila kukosa na amnyonyeshe mwanawe maziwa yake pekee kwa miezi sita ya kwanza, huku akifuatiliwa na kliniki.

Kwa nini kopo linahitaji tahadhari

Wengi hudhani kwamba unga uliofungwa kiwandani hauna kijidudu chochote. Sivyo. Maziwa ya unga ya watoto si dawa iliyotakaswa. Yanaweza kubeba bakteria wa Salmonella na wale waitwao Cronobacter, ambao ni hatari zaidi kwa watoto walio chini ya miezi miwili na waliozaliwa kabla ya wakati. Mwaka 2022, nchini Marekani, kiwanda kikubwa cha maziwa hayo katika jimbo la Michigan kilisimamisha kazi baada ya watoto kuugua na bakteria hao kukutwa ndani ya kiwanda. Ikiwa hali ni hiyo penye mitambo ya kisasa, sisi wa jiko la mafiga tujihadhari zaidi.

Hatari ya pili ni maji. Huko Botswana, serikali iliwahi kugawa bure maziwa ya kopo kwa watoto wa akina mama wenye virusi vya Ukimwi, kwa nia njema kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua vyanzo vya maji, kuhara kuliua mamia ya watoto wadogo, na wachunguzi wakabaini kwamba wasionyonya ndio walioathirika mno. Nia ilikuwa njema, lakini maji hayakuwa salama.

Njaa ya mtoto na moto wa jikoni

Mtoto mchanga hulishwa kila anapotaka, na wala hafuati saa ya ukutani. Katika wiki za mwanzo anaweza kutaka mara nane au zaidi kwa usiku na mchana. Dalili zake ni kugeuza kichwa huku na huku akiachama, kunyonya ngumi, na kuchezesha midomo. Kilio ni dalili ya mwisho. Akishiba hugeuka pembeni, hufumba mdomo au husinzia, na hapo asilazimishwe kumaliza kilichobaki.

Hapa ndipo mtihani ulipo. Mlezi akisubiri kilio ndipo awashe moto, mtoto atalia nusu saa nzima. Kwa kuliogopa hilo, wako wanaokoroga maziwa mengi asubuhi na kuyaweka mezani, wakimpa mtoto kidogo kidogo mpaka jioni. Maziwa yaliyokwisha korogwa, yakiwa vuguvugu, ni shamba la bakteria. Wachache wa asubuhi huwa jeshi ifikapo adhuhuri.

Ufumbuzi tunauweka katika maneno manne: andaa maji, usiandae maziwa. Viwekwe tayari vitu vitatu, yaani maji ya moto, vyombo safi na unga mkavu, na vikutanishwe wakati mtoto anapoonyesha njaa, si kabla.

Namna ya kuandaa

Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo walitoa mwongozo mwaka 2007 ambao msingi wake ni huu: maji ya kukorogea yasipungue nyuzi joto 70, kwani joto hilo ndilo linaloua bakteria waliomo ndani ya unga. Maji yaliyochemshwa jana na kupoa, hata yakiwa safi namna gani, hayaifanyi kazi hiyo. Katika nyanda za juu kama Kibondo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini hupita 70 kwa mbali, kwa hiyo mwinuko usimtie mtu shaka.

Mlezi asiye na kipimajoto achemshe maji si chini ya lita moja mpaka yatokote, aepue, na ayatumie kabla ya dakika 30 kupita. Kwa ajili ya njaa isiyo na miadi, ayamimine yakiwa yanatokota katika chupa ya chai iliyotengwa kwa maji ya mtoto tu, aijaze na kuifunga barabara. Chupa nzuri huhifadhi joto hilo kwa saa kadhaa. Iliyochakaa, au iliyobaki nusu, hupoa upesi. Muislamu ana ratiba ya kumkumbusha: achemshe upya Alfajiri, wakati wa Dhuha, Adhuhuri, Alasiri na Isha, na anayeamka kwa tahajudi achemshe tena. Akiwa na shaka na joto la maji, ayarudishe motoni.

Mtoto anapoonyesha njaa, mlezi anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kibuyu chirizi kinatosha. Achukue kikombe na kijiko vilivyooshwa na kuchemshwa. Kikombe kidogo kilicho wazi ni bora kuliko chupa ya chuchu, kwa sababu chuchu na shingo ya chupa huficha mabaki ambayo brashi haiyafikii. Atangulize maji kwa kipimo, kisha aongeze unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, kikiwa kimesawazishwa. Idadi ya vijiko ifuate maandishi ya kopo hilo hilo, kwani makopo hutofautiana. Akoroge, kisha akitumbukize kikombe katika bakuli la maji baridi yasiyofika ukingoni ili maziwa yapoe. Asisahau kudondosha tone kwenye kiwiko cha mkono: likiwa vuguvugu, mtoto anyweshwe akiwa amepakatwa na kuinuliwa kidogo, ayafyonze mwenyewe, asimiminiwe.

Kwa anayesafiri, tuseme kutoka Mabamba kwenda Kibondo mjini kliniki, kanuni ni ile ile. Abebe maji ya moto kwenye chupa ya chai na unga uliopimwa katika kichombo kikavu chenye kifuniko, akoroge huko huko.

Yanayokosewa

Maziwa yaliyokorogwa yasipite saa mbili bila jokofu, yakipita, yamwagwe. Mabaki ya kikombe nayo yasihifadhiwe kwa mlo ujao. Hapa moyo wa Muislamu husita, akihofia israfu. Israfu huepukwa kwa kukoroga kidogo na kuongeza mtoto akitaka zaidi; na mabaki mabichi anaweza kunywa papo hapo kaka yake mkubwa. Kumwaga kinachoweza kumdhuru mtoto si israfu, ni kumkinga.

Usizidishe maji ili kopo lidumu. Mtoto atajaa tumbo na kudhoofika mwili. Wala usizidishe unga ukidhani unamnenepesha, kwani utamletea kiu na kuzilemea figo zake. Maziwa ya unga ya kutilia chai si maziwa ya mtoto mchanga, hata kopo likifanana. Maziwa ya ng'ombe yasiyorekebishwa hayafai kuwa chakula cha mtoto aliye chini ya miezi sita, na uji wa muhogo au mtama haujafika wakati wake. Na asali, ambayo Kibondo inasifika kwayo, asipewe mtoto kabla hajatimiza mwaka.

Mtoto akikataa kula, akiwa na homa, akilegea, akitapika mfululizo, akiharisha au akipata degedege, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Mzigo huu ni wa nani?

Mtoto asiyenyonya huhitaji takriban kilo 20 za unga kwa miezi sita ya mwanzo, sawa na makopo 50 ya gramu 400. Ongeza kuni, sabuni na chupa ya chai, utaona kwamba huu si mzigo wa bibi mmoja. Aya tuliyoitaja imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, na kisha ikasema kwamba mrithi naye ana wajibu mfano wa huo. Baba anayemwacha yatima kwa bibi yake kisha akaulizia habari zake kwa simu tu hajautimiza wajibu wake.

Kamati za misikiti nazo zina nafasi. Zinaweza kumhesabu yatima huyu, kwa ushauri wa muuguzi, na kumdhaminia makopo yote 50, maana kopo moja la kupigia picha halimfikishi popote. Bali zisigawe makopo kwa kila mama anayepita. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti utangazaji na ugawaji holela wa maziwa hayo, na wanaohudumia wakimbizi hufuata tahadhari hiyo hiyo, kwa sababu mama mwenye maziwa akipewa kopo la bure huacha kunyonyesha, kopo huisha, na kifua chake kinakuwa kimekwisha kukauka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu akina mama waliotangulia wakiwa katika uzazi, awape subira wanaolea walichokiacha, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana. Amin.