Si Kila Breka Ikishuka ni Shoti

"Fundi, humu ndani kuna shoti," mwenye saluni aliniambia hata begi sijaliweka chini. Breka ilikuwa ikishuka kila Jumamosi mchana, na fundi aliyenitangulia alishatoboa ukuta mahali pawili akiitafuta hiyo shoti. Mimi sikugusa ukuta. Niliomba stuli, nikakaa pembeni nikatazama kazi. Draya la kukalia lilikuwa na mteja, madraya mawili ya mkono yanavuma. Breka ikatulia. Kisha akaingia bibi harusi na wapambe wake, likawashwa draya la tatu la mkono. Zikapita dakika kama saba, tak! Giza.

Zile dakika saba ndizo zilizonipa jibu. Shoti haisubiri dakika saba.

Kwetu neno "shoti" limebebeshwa kazi nyingi mno. Mtu akitetemeshwa na umeme, kapigwa shoti. Nyumba ikiungua, ni shoti. Pasi ikifa, imepiga shoti. Kwa fundi, shoti ni jambo moja tu: waya wa fezi umekutana na nyutro, au na waya wa ardhini, bila kupitia kifaa chochote. Umeme umepata njia ya mkato. Panya katafuna waya darini, msumari wa kutundikia picha umepenya ukutani, maji ya mvua yameingia kwenye soketi, au ndani ya kifaa chenyewe waya umechubuka.

Tuhesabu kidogo. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 lina ukinzani wa omu 26 hivi, kwa hiyo huvuta ampea zisizofika 9. Fezi na nyutro zikigusana, kinachobaki kuuzuia mkondo ni ukinzani wa nyaya zenyewe. Tuseme ni nusu omu: mkondo unaruka hadi ampea 460. Ndiyo maana shoti huja na cheche, mlio na doa jeusi, na breka hushuka papo hapo.

Mzigo ukizidi, mambo ni tofauti kabisa. Hakuna waya uliochubuka wala kifaa kibovu. Kila kitu ni kizima, ila vyote vimeutegemea waya mmoja kwa wakati mmoja. Pale saluni kila draya la mkono lilikuwa la wati 2,000, la kukalia wati 1,000. Matatu na lile moja ni wati 7,000, yaani ampea 30 na kidogo, kwenye breka ya ampea 20. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo: mkondo ukipanda kutoka ampea 20 hadi 30, joto linazidi maradufu.

Breka inajuaje kutofautisha? Ukiipasua iliyokufa (iliyokufa, nasema, si ile ya ukutani!) utakuta walinzi wawili. Mmoja ni koili ndogo ya waya: mkondo mkubwa ukipita ghafla inageuka sumaku, inavuta kichuma cha kuachia swichi, kwisha. Huyo ni wa shoti. Wa pili ni ulimi wa metali mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo. Zinapopata joto, moja hutanuka zaidi ya mwenzake, ulimi unapinda polepole mpaka unaachia swichi. Huyo ni wa mzigo, na hana haraka. Kuwaweka wote wawili kwenye kidude kimoja cha nyumbani ni kazi inayohusishwa na Mjerumani Hugo Stotz wa Mannheim, mwaka 1924.

Uvivu wa huyu wa pili watu wengi hawaujui. Kwa viwango vya kimataifa, breka ya kawaida ya nyumbani haitakiwi kushuka ndani ya saa nzima mkondo ukiwa mara 1.13 ya namba iliyoandikwa usoni, na inalazimika kushuka ndani ya saa hiyo ukifika mara 1.45. Kwa breka ya 20, ampea 22 inazivumilia. Zikifika 29 ndipo inabanwa. Madraya mawili ya mkono na lile la kukalia ni karibu ampea 22. Kwa hiyo siku ambazo breka "ilitulia", haikuwa na maana kwamba ekstensheni iliyoyabeba yote matatu ilikuwa salama. Niliishika. Ilikuwa moto kama chapati.

Hapo ndipo mzigo na shoti hukutana. Plastiki ya nyaya nyingi za nyumbani imetengenezwa kuhimili nyuzi joto 70. Ikipikwa kila siku kupita hapo inakauka na kupasuka, mwisho fezi inaigusa nyutro. Sasa hiyo ni shoti kweli, na ndiyo itakayotajwa moto ukishazimwa.

Breka ikishuka kwako, chomoa kila kitu kwenye laini hiyo, ngoja kidogo, ipandishe mara moja. Ikishuka hapo hapo, kasoro iko kwenye nyaya: iache chini, ita fundi. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kile kinachoiangusha peke yake, na papo hapo, ndicho chenye shoti. Kama kila kimoja kinakubali na tatizo linakuja vikiwa pamoja baada ya muda, mzigo umezidi. Ila soketi iliyogeuka rangi ya kahawia na kunuka samaki huku breka haina habari, usiijaribu hata kidogo. Mara nyingi ni skrubu iliyolegea, na hiyo, breka haioni kabisa.

"Basi niwekee breka ya 32," mwenye saluni akaniambia. Nikakataa. Waya wa ukutani ulikuwa wa milimita za mraba 2.5 na breka ya 20 ilikuwa saizi yake. Ningekuwa nimemfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele. Tulivuta laini ya pili yenye breka yake, tukagawa madraya. Ekstensheni niliitupa, ila plagi yake niliifungua kwanza. Fyuzi ya ampea 13 ilikuwa imevishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Niliwauliza wa saluni nani aliivisha. Kila mmoja alimtazama mwenzake.