Pixies: Bendi Iliyopata Umati Baada ya Kuvunjika

Mwaka 1999 filamu ya Fight Club, iliyoongozwa na David Fincher, ilimalizika kwa maghorofa kuporomoka huku wimbo wa "Where Is My Mind?" ukipigwa. Watazamaji wengi vijana hawakuwa wanaufahamu. Walioutafuta walikuta kwamba una umri wa miaka 11, na kwamba bendi iliyouimba, Pixies ya Boston, Marekani, ilikwishavunjika tangu 1993.

Bendi hiyo ilizaliwa mwaka 1986. Charles Thompson, ajulikanaye jukwaani kama Black Francis, alikutana na mpiga gitaa Joey Santiago, mzaliwa wa Manila, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Walitoa tangazo la kumtafuta mpiga besi apendaye kwa pamoja Hüsker Dü, bendi ya kelele kali, na Peter, Paul and Mary, waimbaji wa nyimbo za upole. Aliyejitokeza ni mmoja tu, Kim Deal, naye hakuwa mpiga besi. Wakamchukua. David Lovering akakalia drams.

Mchanganyiko ule wa kwenye tangazo ndio uliokuja kuwa muziki wao. Ubeti huimbwa taratibu, besi na drams zikitangulia; kiitikio kikifika, magitaa hulipuka na Thompson hupiga mayowe, kisha utulivu hurejea ghafla. Hawakurefusha mambo: albamu ya Doolittle ya 1989 ina nyimbo 15 ambazo kwa jumla hazifikishi dakika 40.

Uingereza iliwaelewa mapema. Lebo ya 4AD ya London ndiyo iliyotoa kazi zao, na Doolittle ilipanda hadi nafasi ya 8 nchini humo. Kwao Marekani iliishia nafasi ya 98.

Wanamuziki wenzao, hata hivyo, walikuwa wanasikiliza kwa makini. Kurt Cobain wa Nirvana alilikiri hilo katika jarida la Rolling Stone mwaka 1994: alipotunga "Smells Like Teen Spirit" alikuwa anajaribu kuandika wimbo wa namna ya Pixies. Mwaka 1993, Nirvana walipotaka kurekodi albamu ya In Utero, walimfuata Steve Albini, fundi wa sauti yuleyule aliyerekodi Surfer Rosa, albamu ya Pixies iliyotoka mwaka 1988.

Ndiyo maana anayekutana na Pixies leo huwa amewasikia wanafunzi kabla ya mwalimu. Kupanda na kushuka kwa sauti, jambo lililowashtua wasikilizaji wa 1988, kwake ni jambo la kawaida. Lakini hasara hiyo ina faida yake kubwa, kwani sikio lililokwisha kuzoea mbinu hupata nafasi ya kusikia yale ambayo waigaji hawakuweza kuyabeba. Kuna gitaa la Santiago, lenye noti chache zinazochoma. Kuna sauti tulivu ya Deal nyuma ya mayowe. Kuna Kihispania cha Thompson, aliyewahi kuishi Puerto Rico, na "Debaser", wimbo uliotokana na filamu ya Luis Buñuel na Salvador Dalí ya mwaka 1929.

Pixies walirudi jukwaani mwaka 2004, wakianzia Minneapolis, na tamasha la Coachella likafuata mwaka huohuo. Mwaka 2005 Surfer Rosa ilipata cheti cha dhahabu Marekani, miaka 17 tangu itoke. Doolittle ikafikia platinamu mwaka 2018. Deal aliondoka mwaka 2013, na wenzake wanaendelea kurekodi na kuzunguka na maonyesho.

Kwa msikilizaji mpya, Doolittle ndiyo mlango mwepesi zaidi, maana mtayarishaji Gil Norton aliing'arisha bila kuipunguzia makali. Surfer Rosa ifuate, isikilizwe kwa sauti kubwa, ili drams za Lovering zisikike jinsi Albini alivyozinasa, pamoja na mwangwi wa chumba zilimopigwa.