Arizona: kando ya ziwa la Tempe, njia haina kilima, lakini jua linaweza kuua

Katika mji wa Tempe, pembeni ya Phoenix, jimbo la Arizona huko Marekani, watu wanaanza kutembea kando ya ziwa mbele ya jua kuchomoza. Mwezi wa saba, saa tatu ya asubuhi ikifika, wengi wamekwisha kurudi nyumbani.

Ziwa hilo, Tempe Town Lake, lilitengenezwa na watu. Mto Salt River ulikauka hapo sababu maji yake yalizuiwa na mabwawa ya juu. Mwaka 1999, mji ulijaza maji sehemu ya bonde lake, yenye urefu wa karibu kilomita 3.

Njia ya kulizunguka ni ya saruji, na ni sawasawa kabisa. Wazee na wamama wenye kusukuma watoto wanaipenda. Lakini miti ni michache. Mahali pengi, kivuli cha maana ni cha chini ya madaraja. Hata kuogelea kunakatazwa, isipokuwa siku za michezo iliyopangwa.

Mwaka 2023, joto la Phoenix lilipita digrii 43 kwa siku 31 mfululizo. Mwaka huo, watu 645 walikufa kwa sababu ya joto katika wilaya ya Maricopa, ambamo Phoenix na Tempe zimo. Siku za hatari, Phoenix hufunga njia za milima yake miwili inayopandwa sana, Camelback na Piestewa Peak. Sheria hiyo haihusu njia ya ziwa: huko kila mtu anajichunga mwenyewe.

Arizona imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo. Aliyekomalia Bukavu ao Goma, kwenye upepo wa Ziwa Kivu, amezoea kutembea mchana bila wasiwasi. Arizona ni jangwa: hewa kavu inakausha jasho mara moja, na mtu hajui kama anapoteza maji.

Tena, kuna kanuni moja ya kufuata: nusu ya maji ya chupa ikiisha, geuka urudi.

Kizunguzungu, kichefuchefu ao maneno yasiyoeleweka ni alama za hatari. Mpeleke mgonjwa kivulini, mmwagie maji mwilini, na piga simu 911.