Usiuze redieta ya zamani kabla ya kuijua



Familia nyingi hapa Buffalo zinaishi katika nyumba za zamani, na baadhi yenu mmeanza kununua nyumba zenu wenyewe. Chini ya madirisha mnakuta redieta, yaani vile vyuma vizito vinavyopasha nyumba joto. Siku moja anapita mnunuzi wa chuma chakavu na kusema, "Nitakuondolea bure." Kabla hujamjibu, jiulize mambo matatu.

Ni ya nani? Kama umepanga, redieta ni mali ya mwenye nyumba, hata ikiwa haifanyi kazi. Ukiiuza, utadaiwa. Kama nyumba ni yako, uamuzi ni wako.

Ni ya aina gani? Redieta hizi zilitengenezwa kwa chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Zina pingili zilizounganishwa safu moja, na mtu mmoja hawezi kuibeba. Tazama pingili ya mwisho. Mara nyingi jina la kampuni limo kwenye chuma chenyewe. Mojawapo ni American Radiator Company, iliyoundwa mwaka 1892 kwa kuunganisha kampuni tatu, moja ikiwa ya hapa Buffalo. Ukiona tarehe, huenda ni ya hataza, si ya siku redieta ilipotengenezwa.

Kisha angalia pingili zinashikana wapi. Zikishikana chini tu, redieta ni ya mvuke. Zikishikana juu na chini, inaweza kufaa pia kwa maji moto. Mnunuzi anayejua kazi yake atakuuliza jambo hili.

Ina thamani gani? Redieta moja ina bei tatu. Ya kwanza ni ya chuma chakavu: inapimwa kwa uzito tu, na ndiyo ndogo. Ya pili ni ya maduka yanayouza vifaa vya nyumba za kale. Huko wanaangalia idadi ya pingili, kimo, maua yaliyochorwa kwenye chuma, na kama ni nzima. Iliyopasuka kwa sababu maji yaligandia ndani hurudi kwenye bei ya chakavu. Bei ya tatu ni joto lenu. Kama redieta inafanya kazi, ukiiondoa utalazimika kununua kifaa kingine na kumlipa fundi. Mara nyingi hiyo ndiyo bei kubwa kuliko zote, na majira ya baridi hayasubiri.

Ukiamua kuuza, piga picha, hesabu pingili, pima kimo na urefu, kisha ulize bei sehemu mbili au tatu. Usiifungue mwenyewe, ndani kuna maji au mvuke wa moto. Mwite fundi bomba.

Tahadhari kwa wenye watoto: rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978. Redieta ya kabla ya hapo huenda imepakwa rangi hiyo. Usiikwangue wala kuipiga msasa. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Mtoto anayecheza karibu na rangi inayobanduka apelekwe kupimwa damu.

Ukiwa na shaka, leta picha ofisini kwetu kabla hujapokea pesa ya mtu. Kuuliza hakuna malipo.